Mkono Wangu na Kaburi Dogo la Seme

Pete ndiyo iliyoniambia kwanza. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, miezi minane baada ya kukatwa titi la kushoto, na asubuhi moja nilipotaka kuvua pete nifue nguo, ikakataa. Nikapaka sabuni. Nikapaka mafuta ya kupikia. Kufikia Jumamosi kidole kilikuwa kimegeuka rangi, na mume wangu, Baba Apiyo, akanipeleka kwa fundi wa saa mjini Kisumu, naye fundi akaikata kwa msumeno mdogo. Baba Apiyo alitia vile vipande viwili mfukoni bila kusema neno. Nilimchukia kidogo kwa kule kunyamaza, ingawa sijui nilitaka aseme nini.

Ninawaandikia wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya titi, wakaambiwa waende nyumbani wamepona, halafu mkono ukaanza kuvimba. Mimi si daktari, ni fundi cherehani. Nitaeleza nilichofanya, kilichonisaidia na kilichonidhuru. Lipo pia jambo moja ambalo sikulisema siku lilipohitaji kusemwa, na ndilo linalonifanya nishike kalamu sasa, maana haliniachi.

Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya themanini. Upasuaji nilifanyiwa hapa Kisumu, lakini kupigwa miale ilibidi niende Nairobi, kwa treni ya jioni, nikae kwa binamu yangu wiki sita. Kila asubuhi tulikuwa tunakaa kwenye benchi refu tukingoja kuitwa. Wanawake walikaa na leso mabegani, hakuna aliyeangalia kifua cha mwenzake. Hapo ndipo nilipomjua Mama Wambui. Alikuwa mtu wa Nyeri, lakini kumbe alikuwa anauza viazi Kibuye, soko ninalonunua mboga zangu kila wiki. Tulitoka mji mmoja tukaenda kujuana Nairobi kwenye benchi la wagonjwa.

Walikuwa wametuchora ngozi kwa wino wa zambarau, mistari ya kuonyesha miale ipite wapi, na tukakatazwa kuoga pale. Mama Wambui alivuta blauzi yake akanionyesha ya kwake.

"Mama Apiyo, sisi sasa ni ploti," akasema. "Wamepima, wameweka bikoni. Kilichobaki ni title deed."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Sikuwa nimecheka tangu siku ya upasuaji, na nilimpenda kwa hilo.

Sasa turudi kwenye mkono. Ulianza vidoleni, ukapanda kiganjani, na mvua zilipokatika ulikuwa umefika begani. Ngozi ilivutika ikang'aa. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale kwa muda kabla ya kujaa tena. Nilikuwa na futi ya kupimia nguo, kwa hiyo nikajipima kama ninavyopima wateja: mkono wa kulia juu ya kiwiko inchi kumi na moja, wa kushoto kumi na tano na nusu. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kwenye mashine, na huu wangu ulikuwa hauongozi tena kitu. Yunifomu za shule zilirundikana. Kliniki nilikokwenda, daktari aliutazama mara moja akaniambia nishukuru niko hai, mkono ni jambo dogo. Nilimwambia asante. Nilipofika nyumbani nilimwaga machozi na matusi juu ya meza ya kukatia nguo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia daktari. Titi ambalo halikuwepo lilikuwa linaniwasha. Mtoto wa jirani akilia, nilisikia maziwa yakishuka upande ule, mahali penye kovu tupu, mpaka nikapeleka mkono kifuani kufuta. Nilidhani ninarukwa na akili. Baadaye nimekutana na wanawake wengine waliosikia hivyo hivyo, kwa hiyo kama wewe unasikia, huna wazimu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Seme kunisaidia kazi za nyumba. Lazima niwaeleze habari zake, msije mkamhukumu vibaya. Mwanawe wa kwanza, Ouma, alizama ziwani akivuka kwenda Uyoma, na mwili haukupatikana. Kwetu Wajaluo mtu wa namna hiyo haachwi hivi hivi. Hutafutwa yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wa mwegea, likazikwa nyumbani mahali pake, kwa matanga na maombolezo yote. Mama alizika yago badala ya mtoto. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuhesabu watu wake kila jioni, hata wageni, kabla ya kufunga mlango.

Siku ya tatu baada ya kufika, tukiwa tunakula, aliniuliza, "Walipeleka wapi?"

"Nini, Mama?"

"Hiyo titi. Walizika wapi?"

"Hospitali huwa wanachoma, Mama."

Aliweka ugali chini. Akautazama mkono wangu, akanitazama kifuani.

"Nyathina," akasema, ndiyo kusema mwanangu, "hiyo ndiyo inakuita. Mkono inafura sababu inatafuta mwenzake."

Baba Apiyo alimkatiza. "Mama, wacha hiyo maneno."

"Nimewacha," akasema, na hakula tena.

Nilijua ni maneno ya mtu mwenye majonzi. Lakini jioni ile kovu lilipowasha, niliogopa. Nilianza kukwepa kukaa peke yangu chumbani. Nikipita mbele ya kioo nilisikia kama kuna mtu anayesubiri nimtazame, na mtu huyo alikuwa sehemu yangu mwenyewe.

Basi tukaanza kutafuta dawa. Tulichemsha majani, nikafunikwa blanketi nikavuta mvuke na mkono ndani, na mkono ukazidi inchi nzima. Msikubali joto. Wanawake wa kanisani walikuja na mafuta ya simsim, wakaukanda kwa nguvu kama wanakanda unga wa chapati, wakiimba. Nyimbo zilinituliza moyo, lakini kukandwa kuliniachia maumivu ya siku nne. Mwishowe Mama akamleta nyamrerwa, mama wa dawa za miti, mtu mpole sana, mwenye wembe mpya kwenye karatasi yake. Alinichanja chale mbili mbili toka bega hadi kifundo cha mkono, akapaka unga mweusi.

Nakiri nilifurahi. Maji yalitoka kwenye chale siku mbili, meupe, yakalowesha shuka. Nikapima: kumi na nne. Mama alikuwa akiimba jikoni. Siku ya tatu nilitetemeka jua likiwa kali nje, mkono ukawa mwekundu na moto, na mistari myekundu ikaanza kupanda shingoni. Mama alisema joto ni ugonjwa unatoka, tungoje. Baba Apiyo hakungoja. Alinibeba mgongoni hadi barabarani, mtu ambaye sikuwahi kumwona akibeba hata debe la maji.

Nililazwa siku kumi na mbili. Sikumbuki za kwanza. Nakumbuka dripu, na kilio cha mtoto wodi ya pili, na maziwa yasiyokuwepo yakishuka.

Ndipo akatokea nesi mmoja wa makamo, Sista Felista. Alikuwa amewahi kufanya kazi na mtu aliyejua habari za mikono kama wangu, akajifunza kwa kuangalia. Joto lilipokwisha na vidonda vikafunga, alivuta kiti.

"Nani amekuchanja?"

"Nilichanjwa nyumbani."

"Hii mkono haina askari tena, mama. Walitolewa na hiyo operesheni. Hata mwiba kidogo ni adui. Umesikia?"

Alinionyesha kila kitu polepole, na mimi ninakieleza kwenu kama alivyonionyesha. Kusugua hakuanzi mkononi. Kunaanza shingoni, halafu kwapa la upande usioumwa, kisha kifuani, kisha juu ya mkono, na vidole huja mwisho, kila mara ukielekeza juu. Na ni kwa wepesi kama unavyopangusa unga mezani, maana unasukuma ngozi tu. Kabla ya hapo unavuta pumzi ndefu mara tano. Baadaye unafunga bendeji kutoka vidoleni kwenda begani, chini ikaze kidogo, juu ilegee. Vidole vikipoa au vikibadilika rangi, fungua mara moja. Ukikaa, mkono uwe juu ya mto. Ngozi ipakwe mafuta kila siku isipasuke. Usibebe ndoo kwa mkono huo, usikubali sindano upande huo. Na ukiona wekundu na homa, usingoje hata chakula kiive, nenda hospitali.

"Itapona?" nilimuuliza.

"Haiponi. Itakuwa mtoto wako. Utaiosha, utaifunga, utaitembeza."

Nilitamani kumpiga. Sasa ninamwombea.

Nilipotoka tulikwenda Seme nipumzike. Nilifika saa nane mchana, nikazunguka nyuma ya jiko la Mama kutafuta choo, nikaona udongo mpya. Lilikuwa tuta fupi, urefu wa mkono wangu, limepigwa vizuri kwa jembe na kuwekewa mawe pembeni. Nikakaa chini pale pale.

Baba Apiyo alinikuta. "Alizika yago badala ya titi, ukiwa wodini," akasema. "Nilikataza. Alisema kama wewe utakufa, utakufa ukiwa pamoja nayo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Hatukuzungumza siku tatu. Hayo nayo ni sehemu ya ugonjwa, ingawa hayaandikwi kwenye kadi ya hospitali. Yago huzikwa kwa ajili ya mtu aliyekufa, na kila mtu Seme anajua hivyo. Habari zilikwisha kuzunguka kwamba nyumbani kwetu wamezika yago la mke wa Joshua, yaani mimi. Nilipokwenda soko la Kombewa, mwanamke wa boma jirani aliponiona aliweka kikapu chini, akanisogelea, akanigusa shavu kwa kidole kimoja. Kisha akachukua kikapu akaondoka haraka bila hata kunisalimu. Nilibaki nimesimama mbele ya nyanya za watu, nikijigusa shavu mimi mwenyewe.

Na nitasema kweli yote, hata isiyonipendeza. Tangu siku niliyouona ule udongo, titi lile halikuwasha tena. Watoto walilia, maziwa hayakushuka. Sijui kwa nini. Kwa miezi mingi hali hiyo iliniogopesha kuliko mwasho wenyewe, maana nilihisi kwamba kuna sehemu yangu imekwisha tangulia na imetulia huko.

Mkono nao ulianza kushuka, lakini kwa kazi. Asubuhi na jioni nilisugua, nikafunga, nikainua. Bendeji zilipochakaa nilijishonea mkono wa kitambaa kigumu, wenye matundu na kamba kama kiatu, ninaokaza kadiri mkono unavyopungua. Mvua fupi zilinikuta inchi kumi na nne, kiangazi kikanikuta kumi na mbili na nusu. Nilirudi kwenye mashine. Siku nilipoweza kumaliza kola bila kupumzika, nilifunga mapema kibaraza changu cha kushonea nikajinunulia soda.

Mama alirudi Kisumu kukaa nasi, akawa anakaa kwenye benchi la kibaraza changu na kuwaambia wateja habari za mkono. Kila mmoja alisikia hadithi ile ile: tulichanja, maji ikatoka, tukazika, akapona. Alisema kwa furaha, mtu aliyeshindwa kumwokoa mwanawe akafanikiwa kumwokoa mke wa mwanawe mwingine. Mimi nilishona. Mke wa mwana hampingi mama mkwe mbele ya watu, tumelelewa hivyo, na nilidhani haidhuru mtu.

Mvua ndefu za pili zilipokuja, Mama Wambui alitokea kibarazani na sweta juu ya mkono wa kulia. Alipoitoa, nilijua kabla ya kupima. Alikaa kwenye benchi karibu na Mama.

"Mama Apiyo, na mimi imenifika," akasema. "Siwezi kuinua gunia. Wewe yako imeshuka aje?"

Mama alimjibu kabla yangu. "Hiyo ni maji, Mama. Uchanje, itoke yote. Ukisikia joto usiogope, ni ugonjwa inatoka. Halafu mzike kitu. Mkono yake si unaona?"

Mama Wambui alicheka kidogo. "Kuzika sisi hatujui. Lakini maji kutoka, hiyo naelewa." Akanigeukia. "Ni ukweli, Mama Apiyo?"

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Mama alikuwa ananitazama na uso wake umejaa furaha, kama mzazi anayengoja mtoto aseme shairi lake shuleni. Nilitazama kitambaa.

"Mungu alisaidia," nikasema.

Nilijiambia nitampitia Kibuye kesho nimweleze peke yake. Kesho yake kulikuwa na yunifomu. Siku iliyofuata ilinyesha. Ilipita wiki, kisha nyingine. Nilipokwenda, mahali pake palikuwa na msichana wa kuuza vitunguu. Jirani yake wa soko alinieleza. Mama Wambui alipata mtu wa kumchanja, homa ikaja, akawa anawaambia wenzake wasihofu, ni ugonjwa unatoka. Walipomfikisha hospitali ilikuwa imechelewa. Wamekwenda kumzika kwao.

Nimesikia watu wakisema mfu huja na upepo kutoka ziwani. Mama Wambui hakuja hivyo. Alikuja mchana, kwenye kazi yangu. Nikipiga mshono mrefu nilisikia "ni ukweli?" katikati ya kelele za mashine, nikasimamisha, nikasikiliza, hakuna kitu. Nilikwepa kununua viazi. Nikimfunga mtu futi mkononi, hata mteja mwenye afya aliyetaka nguo ya harusi, niliona ngozi ile inayong'aa. Sikumwambia Baba Apiyo wala mchungaji. Mkono wangu uliendelea kushuka, na kila nusu inchi niliona haya.

Ilipita miaka kadhaa. Macho ya Mama yalififia, lakini benchi hakuliacha. Kiangazi kimoja alikuja mwalimu kutoka Maseno, mwanamke kijana kuliko nilivyokuwa mimi nilipougua, mkono umefungwa taulo. Mtu alimwelekeza kwangu. Mama alisikia sauti yake akaanza vile vile.

"Nyathina, hiyo ni maji. Uchanje, itoke yote."

Mwalimu akanitazama, anangoja. Nikaondoa mguu kwenye pedali.

"Mwalimu, usichanjwe," nikasema. "Mimi nilichanjwa, nikalazwa siku kumi na mbili, nusura nife. Iliyoshusha huu mkono ni bendeji na kusugua, na miezi mingi. Kaa nikuonyeshe."

Sikumtazama Mama. Nilimwonyesha mwalimu kila kitu, tukafunga na kufungua mara tatu mpaka akaweza mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Aliondoka na bendeji zangu mbili nilizofua.

Kibaraza kilipobaki na sisi wawili, Mama akauliza, "Yago haikusaidia?"

"Mkono, hapana, Mama. Mwasho uliacha. Huo sijui."

"Mimi sikuzika sababu ya mkono," akasema. "Ouma alienda yote, sikupata hata kiatu. Wewe nilitaka siku ukienda, usiende nusu."

Nililia. Miaka yote niliogopa lile tuta la udongo nikidhani alinizika, na yeye alikuwa ananiwekea mahali. Nilisogea nikamshika goti, naye akanishika ule mkono, akaupapasa polepole kuelekea juu, jinsi alivyokuwa ameniona nikifanya siku zote.

Kisha mkono wake ukasimama.

"Ule wa viazi," akasema. "Aliketi hapa. Yeye ulimwambia hii maneno?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema yunifomu. Ningeweza kusema mvua.

"Ulikuwa umekaa hapo, Mama."

Alielekeza uso barabarani, mahali ambapo haoni. Baadaye akasogea taratibu hadi mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, na hakuikalia tena mpaka alipofariki.